Ukienda Chemka, wahi asubuhi
Kama uko Moshi au Arusha na mwili unadai mapumziko, nenda Chemka, yaani chemchemi ya Kikuletwa, wilayani Hai. Jina lisikutishe: maji hayachemki, ni vuguvugu tu, tena maangavu hadi unaona mizizi ya miti chini. Ukikaa kwenye kina kifupi, samaki wadogo watakuja kukudonoa nyayo. Wengine hupiga kelele, mimi naona ni huduma ya bure.

Shuka Boma Ng'ombe, kisha chukua bodaboda au bajaji. Njia ni ya vumbi na mashimo, hivyo patana nauli ya kwenda na kurudi kabisa kabla hujapanda, la sivyo jioni utatajiwa bei ya huruma yao. Wikiendi hujaa watu na muziki. Siku ya kazi asubuhi ndiyo yenyewe. Asiyejua kuogelea aachane na ile kamba ya kurukia, katikati kuna kina.

Ila usidhani chemchemi zote ni hivi. Zile za Ziwa Bogoria, Kenya, zinatokota kabisa, watu huchemshia mayai. Kule ni kutazama kwa mbali tu.