GMAT na maombi ya MBA nje kwa mtu anayefanya kazi

Watu wengi wakisikia GMAT, ule mtihani wa kuombea MBA (shahada ya uzamili ya biashara), wanakimbilia kufukua madaftari ya hesabu ya Form Six, na hapo ndo mda unapoanza kupotea. Mtihani ulibadilishwa mwishoni mwa 2023, wa zamani ukazimwa Januari 2024, kwa hiyo kama kuna mtu kakurushia PDF zake za miaka ile zenye jiometri na kusahihisha sarufi wewe futa tu, hivyo vitu havipo tena, insha nayo wameitoa. Saa hizi ni sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, kusoma na kuchambua hoja 23, data 20. Alama zinaanzia 205 mpaka 805. Kikokotoo unapewa kwenye data peke yake.

Na hiyo data ndo inatuumiza wengi, maana kuna maswali hayataki jibu, yanataka useme kama taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu. Mfano nautunga hapa: mama ntilie kauza sahani ngapi za wali? Kauli ya kwanza, wali na ugali jumla vimeingiza 60,000. Kauli ya pili, wali ni 3,000 na ugali 2,000. Mtu mwenye haraka anasema zote mbili pamoja zinatosha. Haya jaribu: wali 10 na ugali 15 inakubali, wali 12 na ugali 12 nayo inakubali, kwa hiyo hata ukiziunganisha hazitoshi. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi kabisa lakini watu wazima na digrii zao wanaanguka hapo kila siku.

Kwenye mba.com, tovuti rasmi ya GMAT, kuna mitihani miwili ya majaribio ya bure, fanya mmoja mwanzoni ujue ulipo, wa pili uutunze mpaka wiki kama mbili kabla ya siku yenyewe. Katikati hapo kuwa na daftari la makosa, kila swali ulilokosa andika KWANINI ulikosa, hukujua au uliharakisha, ni dawa mbili tofauti hizo. Na usiache swali wazi, maswali usiyofika yanakukata alama, bora ubahatishe usonge mbele, ukibakiza mda unaweza kurudi kubadilisha majibu mpaka matatu kwa kila sehemu.

Sasa kalenda. Vyuo vingi vya Marekani raundi ya kwanza ya maombi inafunga Septemba, ya pili Januari. Mimi ningefanya mtihani Juni au Julai, ili ukiharibu urudie, maana kati ya mtihani na mtihani lazima zipite siku 16 na kwa miezi 12 mwisho ni mara tano. Alama zinadumu miaka mitano, kwa hiyo hata kama unaomba mwaka kesho kutwa unaweza kuanza sasa. Hesabu zikikukataa kabisa angalia GRE, mtihani mwingine wa kuombea uzamili, vyuo vingi vinapokea yoyote.

Jina unalojisajilia lifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Sisi wa cheti Ally, pasipoti Ali, tunajijua, malizana na hilo mapema. GPA yako ya mfumo wa 5 usiigeuze iwe ya 4 kwa akili zako, iandike kama ilivyo kwenye transkripti isipokuwa fomu ikuambie vingine.

Halafu bosi, maana chuo kitataka akuandikie barua ya mapendekezo. Atakwambia "andika mwenyewe mimi ntasaini", kwa heshima zote kataa, chuo kinamtumia yeye fomu moja kwa moja kwenye barua pepe yake na wanataka maneno yake. Cha kufanya, mpe ukurasa mmoja wa kazi mlizofanya pamoja zenye matokeo yanayohesabika, mpe mwezi mzima, tumia barua pepe yake ya ofisini, na siku fomu inapotumwa mpigie simu aangalie mpaka kwenye spamu.