Namna ya Kuendesha Mashindano ya Voliboli ya Ufukweni kwa Wachezaji wa Ridhaa

Kazi ngumu kuliko zote katika mashindano ya voliboli ya ufukweni si kusimamisha nguzo wala kutafuta waamuzi, bali ni kuamua mapema mambo yote yanayoweza kuleta ubishi, wakati ambapo hakuna anayejua uamuzi huo utamnufaisha nani. Uamuzi uliotolewa usiku wa kuamkia mashindano huitwa kanuni. Uamuzi huohuo ukitolewa saa 8 mchana, timu mbili zikiwa zimeizingira meza ya mwandishi wa alama, huitwa upendeleo hata kama ni wa haki. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia mezani, na utafika mchangani baadaye.

Hesabu ya mechi na muda

Kabla ya kutangaza idadi ya timu zitakazopokelewa, mwandaaji apige hesabu ya saa. Mechi ya seti moja ya pointi 21, pamoja na kupasha misuli na kupishana uwanjani, itengewe nusu saa. Mechi ya kushinda seti mbili kati ya tatu itengewe saa nzima. Tuseme zimeandikishwa timu 16 na viwanja ni vinne. Makundi manne ya timu nne yana mechi 24, ambazo kwa seti moja moja humalizika kwa saa 3. Ukiongeza robo fainali, nusu fainali, mechi ya mshindi wa tatu na fainali, zote za seti mbili kati ya tatu na mbili za mwisho zikichezwa moja baada ya nyingine, unapata saa 7 za mchezo. Mashindano yakianza saa 2 asubuhi na kusimama kwa saa moja na nusu wakati wa jua la utosi, fainali itaisha saa 10 na nusu jioni. Ratiba hiyo inawezekana.

Timu hizohizo 16 zikipewa viwanja viwili, hesabu inafika saa 11 za mchezo bila mapumziko yoyote, na hapo mwandaaji anayetumaini kwamba mechi "zitakwenda haraka" anajidanganya. Njia iliyo nafuu ni kupunguza mechi za kila kundi kutoka sita hadi nne: timu ya kwanza icheze na ya nne, ya pili na ya tatu, kisha washindi wakutane wao kwa wao, na walioshindwa vivyo hivyo. Kila timu inapata mechi mbili za uhakika, na hatua ya makundi inamalizika kwa saa 4 badala ya 6. Mtoano wa moja kwa moja ni mfupi zaidi, kwa kuwa timu 16 huhitaji mechi 15 tu kumpata bingwa, lakini nusu ya timu huaga baada ya mechi moja. Kwa watu wa ridhaa waliosafiri na kulipa ada ya kushiriki, naona huko ni kuwadhulumu.

Timu zipangwe kwa nguvu zinazojulikana na kugawanywa kwa mtindo wa nyoka, yaani kundi la kwanza lipate timu nambari 1, 8, 9 na 16. La pili 2, 7, 10 na 15. La tatu 3, 6, 11 na 14. Na la nne 4, 5, 12 na 13. Pasipokuwa na matokeo ya nyuma ya kutegemea, ifanyike droo mbele ya manahodha wote.

Timu zinapolingana

Hapa ndipo mashindano mengi huvunjikia, kwa hiyo tukae kidogo. Desturi iliyozoeleka ni kutoa alama 2 kwa ushindi, 1 kwa kushindwa na 0 kwa timu isiyofika uwanjani. Timu mbili zikilingana, wengi hukubali kwamba iliyomshinda mwenzake itangulie. Tatizo huja zinapolingana tatu, jambo ambalo katika kundi la timu nne si la ajabu hata kidogo.

Chukua mfano huu: A imeifunga B 21 kwa 15, B imeifunga C 21 kwa 18, na C imeifunga A 21 kwa 19, huku zote tatu zikiwa zimeishinda timu ya nne. Ukigawanya pointi za kufunga kwa pointi za kufungwa katika mechi zilizozikutanisha hizo tatu tu, A inapata 40 kwa 36, C inapata 39 kwa 40, na B inapata 36 kwa 39. Kwa uwiano huo zinafuzu A na C. Lakini nahodha wa B atakuja na hoja nzito: A ikishatengwa juu, zinabaki B na C, na B ndiyo iliyomshinda C. Hoja zote mbili zina mantiki, na ndiyo maana kanuni iliyoandikwa haina budi kusema kama uwiano unapanga timu zote tatu kwa mkupuo mmoja, au unamtoa wa kwanza kisha waliobaki wanarejea kwenye matokeo ya wao kwa wao. Binafsi napendelea njia ya kwanza, kwa kuwa ni rahisi kueleza, lakini muhimu zaidi ni kwamba njia iliyochaguliwa isomeke kwenye karatasi iliyobandikwa kabla ya filimbi ya kwanza.

Uwanja

Uwanja una urefu wa meta 16 na upana wa meta 8, pamoja na nafasi wazi isiyopungua meta 3 pande zote. Ili kuhakikisha pembe ni mraba, vuta kamba kutoka pembe moja hadi ile ya kinyume. Kila ulalo uwe na meta 17.89. Mistari hutengenezwa kwa utepe wenye upana wa sentimeta 5 na rangi inayoonekana vizuri mchangani, na huhesabiwa kuwa ndani ya uwanja. Vigingi vya kuishikilia vizikwe kabisa na visiwe vya chuma wala mti mgumu. Wavu hupimwa katikati: meta 2.43 kwa wanaume na meta 2.24 kwa wanawake. Kwa timu mchanganyiko mwandaaji achague kimo na kukitangaza. Mpira wa ufukweni una uzito wa gramu 260 hadi 280, na hujazwa upepo kidogo kuliko ule wa ndani, kwa hiyo usikubali timu ilete mpira wa ukumbini kwa madai kwamba yote ni mipira.

Uwanja ulazwe kaskazini kwenda kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige mchezaji usoni. Mchanga upekuliwe kwa reki na kwa macho kutafuta vioo, mawe na makombe. Ukiwa ufukweni kwenyewe, soma jedwali la kujaa na kupwa kabla ya kuchagua tarehe, kwa sababu siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda kuliko kawaida, na kiwanja kilichopimwa vizuri asubuhi kinaweza kuwa chini ya maji wakati wa nusu fainali.

Kanuni za mchezo zinazozua ubishi

Kila timu ina wachezaji wawili wasio na nafasi maalumu, na hakuna wa akiba. Seti ya kwanza na ya pili huishia pointi 21, ya tatu pointi 15, na lazima pawe na tofauti ya pointi mbili bila ukomo. Timu hubadilishana upande kila jumla ya pointi inapofikisha 7, au 5 katika seti ya tatu, ili upepo na jua visimwelemee mmoja. Kila timu ina mapumziko mamoja ya sekunde 30 kwa seti.

Wachezaji waliozoea voliboli ya ukumbini huja na mazoea manne ambayo yafafanuliwe kwenye kikao cha manahodha. La kwanza ni kuhusu bloku, yaani kuukinga mpira wa mpinzani kwa mikono juu ya wavu, ambayo huku huhesabiwa kuwa mguso wa kwanza kati ya mitatu ambayo timu inaruhusiwa, ingawa aliyeikinga anaruhusiwa kuugusa tena mpira papo hapo. La pili ni kudokoa mpira juu ya wavu kwa ncha za vidole vilivyofunguka, kosa ambalo mchezaji huliepuka kwa kutumia vifundo vya vidole au vidole vilivyokazwa na kushikana. La tatu ni kuupeleka mpira upande wa pili kwa pasi ya vidole: lazima uende mbele au nyuma moja kwa moja, ukikata mstari wa mabega, isipokuwa pale mchezaji alipokuwa akimpasia mwenzake na upepo ukauchukua. La nne linahusu kupita chini ya wavu. Hakuna mstari wa katikati, hivyo kuingia upande wa mpinzani si kosa mradi humzuii kucheza.

Kuhusu pasi ya vidole yenye mguso mara mbili, mwamuzi wa ridhaa mara nyingi hukaza sana asubuhi na kulegea jioni. Afadhali alegee tangu mwanzo, kuliko kubadilisha kipimo katikati ya siku.

Siku yenyewe

Waamuzi wa kulipwa wakikosekana, timu iliyomaliza mechi itoe watu wa kusimamia inayofuata: mmoja juu ya ngazi na filimbi, mmoja kwenye karatasi ya alama, na ikiwezekana wawili kwenye mistari. Ikikataa, ipoteze pointi ambazo kanuni imezitaja. Mwandishi wa alama amtaje anayepaswa kuanzisha mpira kabla ya filimbi, kwa kuwa zamu ya kuanzisha ndiyo husahaulika zaidi. Sarafu irushwe kabla ya kila mechi. Mshindi achague kuanzisha, kupokea au upande, na mwenzake achukue kinachobaki. Ikifika seti ya tatu, sarafu irushwe upya.

Timu iliyochelewa ipewe muda uliotangazwa, tuseme dakika 10, kisha ihesabiwe kuwa imeshindwa 21 kwa 0, bila mwandaaji kusikiliza kisa cha foleni ya magari. Aliyeumia ana dakika 5 za kupata nafuu, mara moja tu katika mechi, na asipoweza kuendelea timu yake inapoteza. Radi ikisikika, kila mtu atoke mchangani na kukaa ndani ya jengo au gari; mchezo urejee dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, kuanzia pointi ulipoishia. Maji ya kunywa na kivuli viwe karibu na kila uwanja, na ndoo za maji ya kumwagia mchanga ziwepo, kwa kuwa mchanga wa adhuhuri huunguza nyayo.

Malalamiko yapokelewe kutoka kwa nahodha peke yake, kabla ya karatasi ya alama kusainiwa, na yahusu kanuni tu, si jicho la mwamuzi kuhusu mpira uliogusa mstari. Msimamizi mmoja, ambaye hachezi katika mashindano hayo, atoe jibu papo hapo. Karatasi ikishasainiwa na manahodha wote wawili, matokeo yaandikwe kwenye ubao mkuu kabla mechi inayofuata haijaanza, na ubao huo ubaki wima hadi nyavu zote zitakapokuwa zimeshushwa.