Somo: Hadithi moja, kazi tofauti kwa wasomaji wa viwango tofauti

Darasa zima likipewa kazi moja ya kusoma, anayejua humaliza mapema akaanza kusumbua, na asiyejua hufuatisha sauti za wenzake. Huyu wa pili ndiye anayetuponyoka.

Hatua ya 1. Msikilize kila mtoto peke yake. Karatasi moja yatosha: herufi, silabi, maneno, aya fupi, hadithi fupi. Usiandike alama, andika anapokwama. "Anasoma *kalamu*, ila *ng'ombe* na *mbwa* yanamshinda" inakuonyesha cha kufundisha kesho. "Asilimia 40" haikuonyeshi chochote.

Hatua ya 2. Panga vikundi kwa tatizo, si kwa nafasi ya mtihani. Kwa kawaida hupatikana vitatu: wasiounganisha silabi, wanaokwama kwenye herufi mwambatano (konsonanti zinazoandikwa pamoja, kama *mw* na *nd*), na wanaosoma vizuri bila kuelewa. Hawa wa mwisho tunawasahau kwa kuwa wanasoma kwa sauti ya kupendeza. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo aliyezimudu silabi anaweza kumaliza ukurasa mzima asijue umesema nini.

Hatua ya 3. Hadithi ibaki moja. Wasomee wote kwanza. Kisha kikundi cha kwanza kijenge maneno ya hadithi kwa kadi za silabi. Cha pili kitafute maneno yenye *mw*, *nd* na *ng'*, wayasome wawili wawili. Cha tatu kijibu maswali ya "kwa nini". Wewe kaa na kikundi kimoja. Ukizunguka vyote hutamsikia mtu.

Hatua ya 4. Baada ya wiki chache sikiliza tena, uwahamishe.

Maswali

*Mwalimu, nina watoto 80. Nitawasikiliza saa ngapi?*
Watano kila kipindi, wengine wakiwa na kazi ya kuandika. Vipindi 16 umemaliza. Anza na wale usiowahi kusikia sauti zao.

*Mzazi analalamika kwamba mwanawe yuko kikundi cha wajinga.*
Kuviita vikundi kwa majina ya wanyama au rangi hakufichi kitu, watoto hung'amua siku ya kwanza. Mwonyeshe mzazi daftari lako: mtoto alikwama wapi mwanzoni, sasa anasoma nini. Na kwenye masomo mengine wachanganye.

*Na mtihani nao uwe tofauti?*
Hapana. Wa muhula uwe mmoja. Zoezi la kila siku ndilo la kutofautisha.