Somo: Programu nyepesi ya kupigia muziki kwa mwenye mafaili ya kila aina

Laptopu ya nyumbani kwangu ina RAM ya GB 4 na diski ya zamani, ile inayozunguka. Humo ndani nimehifadhi kaseti za mzee wangu za taarab na dansi nilizozihamisha moja moja, kaswida za madrasa, jumbe za sauti za WhatsApp ambamo shangazi anasimulia harusi za enzi zake, na rekodi nilizozichukua kwa kiswaswadu kabla sijanunua simu kubwa. Ukifungua folda hiyo utakuta FLAC, MP3, WMA, M4A, Opus na AMR zimelala pamoja.

Mwanzoni nilichoka kuona faili hili linafunguka na lile linagoma, nikageuza kila kitu kuwa MP3, kisha nikafuta ya asili ili kupata nafasi. Kaseti mbili kati ya zile utepe wake umeshakatika. Kilichobaki ni zile MP3 tu, na matari yake yanasikika kama yamefunikwa blanketi. Ndiyo maana naandika somo hili. Programu ifuate mafaili yako, usiyalazimishe mafaili yaifuate programu.

Hatua ya 1: Jua una nini

Kabla ya kuuliza programu ipi ni nzuri, kagua folda yako. Kwenye Windows, ingia menyu ya View, weka alama kwenye File name extensions, kisha panga mafaili kwa Type. Sasa utaona herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa kila jina.

MP3 isikusumbue, kila programu inaipiga. FLAC, iliyotoka mwaka 2001, inabana sauti bila kutupa chochote, na programu nyingi za leo zinaifahamu. Ugumu unaanza kwenye majina yanayoficha kilichomo. M4A ni ganda tu: ndani yake kunaweza kuwa na AAC, ambayo hutupa sehemu ya sauti kama MP3, au ALAC, ambayo haitupi. Vivyo hivyo Ogg inaweza kubeba Vorbis au Opus. Mtu husema "programu yangu inapiga M4A" kumbe aliyoijaribu ni ya aina moja tu.

Jumbe za sauti za WhatsApp ziko kwa Opus. Fomati hiyo ilipitishwa rasmi mwaka 2012, kwa hiyo programu ya kabla ya hapo haiwezi kuijua mpaka iongezewe kipande cha ziada (plugin). Kama bado una programu uliyoinakili kwa rafiki zamani, hilo ndilo litakalokukwamisha kwanza.

AMR ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Inachukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde, wakati CD inachukua 44,100. Maneno yatasikika vizuri, lakini ngoma iliyorekodiwa hivyo imeshapoteza vilio vyake vya juu, na hakuna programu itakayovirudisha.

Hatua ya 2: Pima uzito kwa macho yako

Kupiga MP3 ni kazi ndogo hata kwa kompyuta ya miaka kumi na mitano iliyopita. Kinachoilemea mashine ni mambo ya pembeni: picha za albamu, michoro inayorukaruka, kutafuta habari za msanii kwenye intaneti, na kupekua folda zote kila programu inapowashwa. Kwenye diski inayozunguka, upekuzi huo pekee unaweza kukuweka unangoja huku taa ya diski ikiwaka mfululizo.

Basi usiamini neno "nyepesi" lililoandikwa kwenye tangazo. Piga wimbo, shusha dirisha chini, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, utazame safu ya Memory na ya Disk kwa dakika kumi. Programu nzuri inatulia. Ikiwa namba zinapanda bila wewe kugusa kitu, zima upekuzi wa maktaba kwenye mipangilio, ujaribu tena.

Hatua ya 3: Chagua

Kwa Windows, mimi natumia foobar2000. Ilianzishwa na Peter Pawłowski mwaka 2002, ni ya bure, na ukiifungua mara ya kwanza utaona dirisha la kijivu lisilo na urembo. Lisikukimbize. Ndani yake inapiga MP3, AAC, FLAC, Vorbis, Opus, WavPack, WAV, AIFF na Musepack bila kuongezewa kitu, na fomati za pembeni zinapatikana kwa vipande vya ziada. Pia ukifungua Properties ya faili inakwambia kodeki iliyomo (yaani njia iliyotumika kubana sauti), hivyo fumbo la M4A linaisha hapo hapo.

Anayependa sura ya kuvutia achukue AIMP. Inapiga fomati nyingi pia, na vitufe vyake havihitaji maelezo. Kwa Linux, Audacious ndiyo ya kwanza kujaribu: iko kwenye hazina ya Debian, Ubuntu na Mint, na inakubali hata ngozi (sura) za Winamp, ile programu ya muziki ya zamani, jambo litakalowafurahisha tuliokua na Winamp.

VLC siipendi kwa kusikiliza mkusanyiko mkubwa, maana kupanga orodha ndefu ndani yake kunachosha. Lakini sikosi kuwa nayo. Faili likigoma kila mahali, ndiko ninakolipeleka.

Pakua kwenye tovuti za wenyewe: foobar2000.org, videolan.org, audacious-media-player.org. Niliwahi kupakua kwenye tovuti ya watu wengine inayokusanya programu, nikaletewa kivinjari nisichokiomba na matangazo kila nikiwasha mashine. Na ukurasa ukikuambia "pakua kodeki hii ndipo wimbo ufunguke", ufunge.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa mafaili magumu

Tengeneza folda ndogo yenye faili moja la kila aina uliyoiona katika hatua ya 1. Ongeza moja lenye jina refu, na moja la zaidi ya nusu saa. Iburute yote kwenye programu mpya. Ruka katikati ya lile refu uone kama linaitika mara moja. Jaribio hili linachukua dakika tano.

Hatua ya 5: Kwa wenye kaseti

Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wenu mna kaseti za wazee kabatini. Upande mmoja wa kaseti ya C60 ni dakika 30. Ukiurekodi kwa WAV ya kiwango cha CD unapata takriban MB 300. Ukiugeuza kuwa FLAC, mara nyingi unashuka hadi karibu nusu yake, na sauti haijapungua hata chembe.

Usikate nyimbo vipande vipande. Liache faili zima, kisha andika faili dogo la maandishi pembeni yake, ulipe jina upande-a.cue:

FILE "upande-a.flac" WAVE
  TRACK 01 AUDIO
    TITLE "Wimbo wa kwanza"
    INDEX 01 00:00:00
  TRACK 02 AUDIO
    TITLE "Wimbo wa pili"
    INDEX 01 06:42:00

Namba hizo ni dakika, sekunde, na vipande vya sekunde ambavyo ni 75 kwa sekunde moja. Neno WAVE liache lilivyo hata kama faili ni FLAC. Fungua hiyo .cue kwa foobar2000, nyimbo zitajipanga kama zimekatwa, wakati rekodi yenyewe iko nzima, pamoja na sauti ya mpigaji akikohoa kati ya wimbo na wimbo.

Hatua ya 6: Sauti zilingane

Kaseti iko chini, MP3 ya juzi inapiga kelele. Kwenye foobar2000 chagua nyimbo zote, bofya kulia, ingia ReplayGain, uamuru ipime kila faili. Inaandika namba kwenye lebo tu, sauti haiguswi. Kisha kwenye mipangilio ya Playback iambie izitumie namba hizo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nikihamia foobar2000 sauti itakuwa tamu kuliko VLC?

Jibu: Hapana, kaka. Faili lile lile, bila ikwalaiza na bila kuongeza sauti kupita kiasi, litasikika sawa. Ukisikia tofauti, angalia kwanza kama programu moja iko juu kidogo. Sikio hupenda kilicho juu. Pesa yako iweke kwenye spika au hedifoni.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina sauti ya marehemu bibi kwenye faili la .amr, foobar2000 inalikataa. Nibadilishe jina liwe .mp3?

Jibu: Marahaba, na pole sana. Usibadilishe jina, kilichomo hakibadiliki, utazidi kuichanganya programu. Kwanza kabisa nakili faili hilo sehemu mbili tofauti, kabla ya jingine lolote. Kisha lifungue kwa VLC. Ukitaka nakala itakayofunguka popote, weka ffmpeg, programu ya kugeuza mafaili kwa amri za maandishi, uandike: ffmpeg -i bibi.amr bibi.flac. La asili libaki palepale.

Swali: Napiga muziki harusini kwa kutumia kompyuta ya ukumbi. Naweza kuibeba kwenye flashi?

Jibu: Ndiyo. Wakati wa kusakinisha foobar2000 chagua Portable, uielekeze kwenye folda ya flashi. Haitaacha kitu kwenye kompyuta ya watu. Ukifika ukumbini buruta folda ya nyimbo upya kwenye dirisha, kwa sababu herufi ya flashi huweza kubadilika kutoka mashine hadi mashine. Fanya hivyo kabla bi harusi hajaingia.

Swali: Nimeweka toleo la 2 la biti 64, kipande changu cha zamani hakionekani. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea. Vipande vya biti 32 haviingii kwenye toleo la biti 64. Tafuta kama mwenye kipande ametoa kipya; kama hakuna, weka toleo la 2 la biti 32, lipo palepale kwenye tovuti.

Swali: Dada yangu alinakili CD zake miaka ya nyuma kuwa WMA. Sasa kila programu inadai leseni.

Jibu: Zilinakiliwa na kufuli ya hakimiliki ikiwa imewashwa, na ufunguo ulibaki kwenye ile kompyuta ya mwanzo. Kubadilisha programu hakutasaidia. Kama CD bado anazo, muwekee foobar2000 pamoja na kifurushi cha Free Encoder Pack cha tovuti ile ile, anakili upya kwa FLAC. Afanye mapema, CD zenye mikwaruzo hazingoji.

Swali: Mkuu, mimi nina kilaptopu cha RAM GB 1 chenye Linux. Hata Audacious naiona nzito nikifungua na kivinjari. Nifanyeje?

Jibu: Tumia cmus, inaendeshwa ndani ya terminal (dirisha la kuandikia amri), haina picha wala vitufe. Andika sudo apt install cmus, kisha cmus. Bonyeza 5 uone folda zako, Enter kupiga wimbo, c kusimamisha na kuendelea, b kwenda wimbo unaofuata. Kutoka, andika :q. Ukikwama kwenye faili la aina fulani, leta jina lake kamili hapa pamoja na kodeki yake, tulitazame.