Somo: Namna ya kujua bata bukini wa mtaani kwako anatoka wapi na anaelekea wapi

Wengi wetu tunaoishi Minnesota, Ohio, Ontario na Manitoba tunawajua ndege hawa kwa kero zao: kinyesi kwenye njia za kutembea, dume anayefukuza watoto kwenye maegesho ya magari. Wenyeji huwaita wakazi, kana kwamba hawaendi popote. Wanaenda, tena mbali, ila si msimu ule unaoutarajia. Ukitaka kuwaelewa, shika kalenda kwanza, darubini baadaye.

Kabla ya hatua zenyewe, historia kidogo. Bata bukini mkubwa wa Kanada, ambaye wanasayansi humwita *Branta canadensis maxima*, alizaliana kwenye nyika za katikati ya Amerika Kaskazini. Bunduki, wachukuaji mayai na ukaushaji wa madimbwi vikammaliza, na kufikia miaka ya 1950 wataalamu walishaandika kwamba ametoweka. Januari 1962 mtafiti wa Illinois, Harold Hanson, akafika Rochester, Minnesota, kukagua bata bukini waliokuwa wakishinda majira ya baridi kwenye Silver Lake, ziwa lisiloganda kwa sababu kituo cha umeme kilimwaga humo maji ya moto. Yeye na wenzake walipowapima, uzito ukawa mkubwa mno hata wakadhani mizani ni mbovu. Wakanunua unga na sukari dukani wakaijaribu. Mizani ilikuwa nzima. Aliyedhaniwa ametoweka alikuwa hapo hapo, katikati ya mji.

Baada ya hapo idara za wanyamapori za majimbo mengi zikawazalisha na kuwasambaza, hasa wakiwa wachanga. Leo wanahesabiwa kwa mamilioni. Kwa maoni yangu ni urejeshaji uliofanikiwa kupita kiasi, na hatua zifuatazo zitakuonyesha sababu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yeye. Shingo nyeusi, shavu jeupe, mwili wa kahawia. Ukiona mdogo kama bata wa kawaida, mwenye mdomo mfupi na shingo fupi, huyo ni wa spishi nyingine. Walitenganishwa rasmi mwaka 2004. Usimwandike pamoja na hawa.

Hatua ya 2: Igawe kalenda yako. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Machi hadi Mei ni viota. Jike huatamia kama siku 28, mara nyingi mayai matano hivi, dume akilinda. Wawili unaowaona wakati huu ni wa hapo hapo. Jike hurudi kuzaa karibu na pale alipojifunza kuruka. Dume humfuata mkewe. Ndiyo maana waliosambazwa wangali wachanga walikubali makazi mapya na kuyafanya kwao, wao na vizazi vyao.

Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni kaa macho. Wasiozaa mwaka huo, yaani vijana na waliopoteza mayai, hukusanyika na kuondoka kuelekea kaskazini, wengine hadi pwani za ghuba za Hudson Bay na James Bay huko Kanada, safari inayoweza kupita kilomita 1,000. Huko hunyonyoka manyoya ya mabawa na kuotesha mapya. Kwa hiyo idadi bwawani kwako ikishuka Juni, usiseme wamekufa au wamefukuzwa.

Wenye vifaranga hubaki, nao hunyonyoka papo hapo. Kwa wiki nne au tano hawawezi kuruka kabisa, na manyoya marefu utayaokota ukingoni. Watafiti huutumia udhaifu huo: huwaswaga kwa miguu na mitumbwi hadi kwenye zizi la nyavu, wakawavika pete.

Septemba waliokwenda kaskazini huanza kurudi, halafu huja wahamaji halisi waliozaliwa mbali kabisa. Kuanzia hapo kundi lako ni mchanganyiko, na kwa macho hutawatenganisha. Hata wataalamu huhitaji maabara. Ndege ya abiria iliyotua mtoni Hudson, New York, Januari 2009, iligongana na bata bukini hawa. Swali likawa: wa mjini au wageni? Wachunguzi walipima aina za haidrojeni zilizomo kwenye mabaki ya manyoya. Maji ya mvua hutofautiana haidrojeni yake kati ya kusini na kaskazini. Nyasi huyanywa, bata bukini hula nyasi, unyoya hubaki na alama ya mahali ulipoota. Jibu likaelekea kwa wahamaji wa Labrador, kaskazini-mashariki mwa Kanada.

Hatua ya 3: Soma shingo, kisha mguu. Baadhi yao watafiti huwavisha shingoni kola ya plastiki, yenye herufi na tarakimu kubwa zinazosomeka kwa darubini. Andika pia rangi ya kola na ya maandishi. Pete ya chuma mguuni ina namba ndefu. Subiri apande nchi kavu, umpige picha kadhaa kila upande, uunganishe tarakimu.

Hatua ya 4: Toa taarifa kwenye reportband.gov, uwe Marekani au Kanada. Utajibiwa alivishwa wapi na lini.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama Neema, Columbus: Mwalimu, shikamoo. Wawili wamejenga kiota mlangoni kwa duka letu. Mume wangu anasema tuwapakie kwenye gari tuwapeleke mbali.*

Marahaba, mama. Mwambie baba asithubutu. Wanalindwa na sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918, na kugusa kiota au mayai kunahitaji kibali. Halafu mkubwa ukimhamisha hurudi. Watarudi pengine kabla hamjamaliza kufagia. Wekeni kizuizi kati ya kiota na njia, mvumilie huo mwezi mmoja.

*Kaka Juma, Winnipeg: Nyasi za hapa ni tele. Kwa nini wahangaike kwenda kaskazini kubadilisha manyoya?*

Kaka, asiye na watoto hana kinachomfunga. Huko kaskazini majani ndiyo kwanza yanachipua, laini na yenye lishe, na hagombani na familia zinazolinda vifaranga. Tena, usiyeweza kuruka unataka maji mapana na adui wachache.

*Dada Achieng, Nakuru: Hawa ni ndugu wa wale tunaowaona Naivasha?*

Hapana, dada. Wa Naivasha ni bata bukini wa Misri, ambaye licha ya jina yuko upande mwingine wa ukoo wa mabata. Yeye naye ana safari yake: alipelekwa Uingereza kupamba mabwawa ya matajiri, na leo amejaa Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, hadi Umoja wa Ulaya ukamweka kwenye orodha ya viumbe wavamizi mwaka 2017. Ila huko hakuwahi kuwa mwenyeji. Huyu wa Minnesota alirudishwa kwao.

*Patient, Ottawa: Mimi nimesoma herufi mbili za kola, ya tatu imefunikwa na manyoya. Nikisie?*

Usikisie, ndugu yangu. Herufi moja ikikosewa, ndege wa Ohio anaandikwa kuwa wa Manitoba. Rudi kesho asubuhi wakati wanakula nyasi, shingo ikiwa imenyooka chini kola huonekana vizuri. Kundi moja huweza kutumia uwanja ule ule siku nyingi mfululizo, kwa hiyo nafasi unayo.