Biodizeli ya mbegu za mafuta: pika lita moja kwanza, modeli baadaye

Wakuu, wengi wanaotaka kutengeneza biodizeli (dizeli ya mafuta ya mimea) wanataka kurukia modeli ya mnyororo wa ugavi moja kwa moja, yaani hesabu ya kompyuta ya safari nzima kutoka shambani mpaka depo. Mi nasema pika lita moja kwanza, maana namba utakazoingiza kwenye kompyuta zinatoka kwenye hiyo chupa.

Hatua 1: mafuta. Alizeti na kanola zina mafuta kama 40% hivi, soya karibu 20 tu. Ila hiyo 40 isikudanganye, mashine ya skrubu inabakiza mengine kwenye mashudu, kwa hiyo tani 1 ya alizeti mi nahesabu kilo 300 na kidogo. Chuja, kisha pasha moto maji yaishe, yakiwa bado yanapasukapasuka kwenye sufuria ujue maji bado yamo.

Hatua 2: pima asidi. Hapa ndo watu wanaruka halafu wanalia. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda kwenye lita 1 ya maji safi yaliyotoneshwa. Changanya ml 1 ya mafuta na ml 10 za alkoholi ya isopropili, tia matone mawili ya fenolfthalini (dawa ya kuonyesha rangi), halafu dondoshea ile soda taratibu mpaka rangi ya pinki ikae bila kupotea kama nusu dakika. Imekula ml ngapi? Hizo ndo gramu za soda za kuongeza juu ya gramu 3.5 za kawaida kwa kila lita ya mafuta. Imekula 1, basi unatumia 4.5.

Hatua 3: pika. Soda iyeyuke kabisa kwenye ml 200 za methanoli, ndo umimine kwenye lita 1 ya mafuta yenye nyuzi 55 na ukoroge saa nzima. Usipite 60, methanoli inachemka karibu 65. Na jamani, methanoli inapofusha na moto wake mchana hauonekani vizuri, fanyia nje, vaa glavu na miwani, chombo kisiwe cha alumini.

Hatua 4: acha usiku kucha, gliserini nyeusi inashuka chini, itoe. Osha kwa maji ya vuguvugu bila kutikisa kwa fujo, kausha. Kujaribu, chukua ml 3 za biodizeli tia kwenye ml 27 za methanoli kwenye joto la kawaida, ikibaki mafuta chini hujamaliza kupika.

Hatua 5: modeli. Chora vituo: mashamba, maghala, mashine za kukamua, kiwanda, depo. Kila njia kati ya vituo ipe kigeu (namba ambayo kompyuta itaichagua) cha tani kwa mwezi, kila mashine inayoweza kujengwa ipe kigeu cha 0 (usijenge) au 1 (jenga), halafu kompyuta itafute mpangilio wenye gharama yote ndogo kabisa. Solver, kikokotoo kilichomo ndani ya Excel, inatosha kuanzia, ikizidi vigeu 200 inagoma, hamia lugha ya Python na maktaba yake ya PuLP.

Modeli yangu ya kwanza ilisema jenga kiwanda kimoja kikubwa katikati, nikafurahi kweli, kumbe nilikuwa nimeweka mbegu zinapatikana miezi yote. Mavuno yanakuja kwa mpigo, zinazobaki zinakaa ghalani, na zikikaa na unyevu asidi inapanda. Sampuli iliyokula ml 1 wakati wa mavuno, baada ya miezi kadhaa ilikula 4, nikapika nikapata uji wa sabuni. Kwa hiyo akiba ya mwezi huu iwe akiba ya mwezi uliopita ukitoa kilichoharibika, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka, na mbegu za zamani zizae mafuta machache na zitumie soda nyingi.

Nilivyorekebisha hivyo jibu likageuka: mashine ndogo karibu na mashamba, mbegu zikamuliwe mapema, lori libebe mafuta badala ya tani nzima ya mbegu. Ila mashudu nayo yape mnunuzi kwenye modeli, ni zaidi ya nusu ya uzito wa alizeti. Ya mbono usiyaweke kabisa kwenye soko la chakula cha mifugo, yana sumu, hayo mpe mtu wa mbolea au wa kuni.