Ripoti ya asaimenti ya programu: anza kuiandika mapema

Wasee wengi hukesha na programu mpaka saa nane usiku, ikikubali wanafurahi, alafu ripoti inaandikwa na nusu saa imebaki. Mimi semesta moja nilipoteza maksi hivyo, programu ilikuwa inafanya kazi poa lakini ripoti ilikuwa skrinshoti tupu, lekchara angejuaje nilifikiria nini?

Siku ile ile umepewa swali fungua dokumenti. Andika swali kwa maneno yako, alafu angalia maksi zimegawanywa aje, kama matokeo yana 40 na utangulizi 5 usijaze kurasa tatu za historia ya kompyuta. Na kila ukikwama ukajinasua, andika laini moja tu: nini iligoma, ulidhani shida ni nini, kumbe ilikuwa nini. Hizo laini ndio zitakuandikia nusu ya ripoti baadaye, juu hizo huwezi kuzikumbuka usiku wa mwisho.

Sehemu ya kukaa nayo sana ni majaribio. Usiseme tu "programu iko fasta". Tuseme umeandika ile ya kupanga namba kwa kulinganisha jirani na jirani. Namba 1,000 zikiwa zimepangwa kinyume italinganisha mara 499,500, zikiwa 10,000 inafika 49,995,000, yaani namba zimeongezeka mara kumi lakini kazi imeongezeka karibu mara mia. Sasa pima na saa uone kama muda wako unafuata hiyo hesabu, na kama haufuati sema kwa nini unadhani haufuati, usifiche, hapo ndio lekchara anaona unaelewa. Rudia kila kipimo mara tano uchukue ile ya katikati, laptopu iwe kwa chaja maana nyingi hupunguza kasi zikitumia betri, na uandike mashine ni gani, RAM ngapi, Python au Java toleo gani. Jaribu pia orodha tupu, na yenye namba moja, na yenye namba zinazojirudia. Weka jedwali.

Programu yenyewe usiipige skrinshoti ya bakgraundi nyeusi, ukienda kuprinti saiba pale Ngara inatoka kama mkaa na hakuna anayeweza kuisoma. Kopi maandishi, fonti ya herufi zenye upana sawa, na uweke kipande unachoeleza tu, ingine iende kwa faili.

Ukisaidiwa na rafiki ama ukatoa kitu mtandaoni, sema. Kuna mtambo unaitwa Moss, ulitengenezwa mwaka 1994, kazi yake ni kulinganisha programu za wanafunzi na huangalia muundo, kwa hivyo kubadilisha majina ya vigeu (variables) hakusaidii kitu.

Kutuma sasa. Geuza ripoti iwe PDF, juu Word ikifunguliwa kwa mashine ingine jedwali linaweza kuhama. Kwa zipu weka faili za programu na maelezo mafupi ya jinsi ya kuiendesha, alafu mwambie rumeti aifungue kwa laptopu yake akifuata hayo maelezo peke yake, wewe nyamaza kabisa. Akikwama, lekchara pia atakwama, mara nyingi utapata umeandika njia ya folda iliyo kwa mashine yako tu.

Usingoje dakika za mwisho, stima ikipotea ama bando ikiisha hutakuwa na la kufanya. Kwa Moodle, ile tovuti ya chuo ya kutumia kazi, kupakia faili pekee wakati mwingine haitoshi, ikisema bado ni drafti basi hujatuma, kuna kitufe kingine cha kubonyeza. Ukimaliza, pakua ile ile uliyotuma uifungue uhakikishe si toleo la juzi. Piga skrinshoti ya saa uliyotuma, na ile folda usiiguse tena mpaka maksi zitoke, maana unaweza kuitwa ofisini uelezee laini yoyote ile.